UNASIKIA MOTO NGAPI?



Mara hii tumepewa nafasi ya kuandika juu ya kazi tuliyofanya katika masomo ya biolojia na gimnastiki, maana wengi walituona uwanjani tunakimbia na kuonyesha vidole, wakatuuliza kama tumeanzisha mchezo mpya. Hapana. Tulikuwa tunapima moto. Tena si ule moto wa hewa ambao termometa inapima. Tulipima moto ambao mtu anausikia yeye mwenyewe katika mwili wake, wakati anakimbia, analima ao anabeba mzigo chini ya jua.

Yaya mmoja wa darasa la juu alituambia: "Moto ya mutu iko mu mwili yake. Mutaipima na nini?" Swali lake ni zuri. Jibu ni fupi: tunaipima kwa kumwuliza. Lakini kuuliza kuna njia yake, na kujibu kuna ugumu wake. Ndiyo habari tunayotaka kuwaeleza.

SABABU YA KUANZA

Wote tunaojua Sanga na upande huu wa Kamina tunajua mwezi wa kumi. Mvua inakawia, majani yamechomwa, udongo mwekundu unarudisha moto usoni kama sahani ya chuma. Tuko juu kupita mita 1.000 kutoka bahari, na katika mwezi wa sita asubuhi tunatetemeka ndani ya sueta. Juu ya hiyo watu wengine wanafikiri moto si shida yetu, ni shida ya Kinshasa ao ya Matadi. Kumbe jua la mwezi wa kumi halijui mita.

Katika mwezi ule tulikwenda kucheza mpira wa kirafiki katika kijiji kingine. Mwenzetu mmoja, mkimbiaji mzuri, alicheza kipindi cha kwanza pasipo kusimama. Wakati wa mapumziko aliulizwa mbele ya wote: "Na weye, unachoka?" Akajibu: "Niko muzuri." Katika kipindi cha pili alianza kupeleka mpira upande wa goli letu wenyewe. Watu walicheka. Kisha alikaa chini katikati ya uwanja na kusema maneno yasiyo na maana. Hapo hakuna aliyecheka tena. Baba wawili walimbeba mpaka chini ya mwembe, na mama waliokuwa wanauza munkoyo walichukua maji yao yote na kummwagia toka kichwa mpaka miguu, wakampepea na vitambaa. Akili ilimrudia polepole, ndipo akapelekwa kwa muuguzi. Alipona, Mungu asifiwe.

Siku zilizofuata alituambia usiku: "Wakati ya mapumziko kichwa ilikuwa inaniluma tayari. Lakini kama ningesema, wangesema niko muvivu."

Tulifikiri sana juu ya neno lile. Habari ya kumwokoa ilikuwako mapema, ilikuwa katika kinywa chake. Lakini haikupata njia ya kutoka. Mwalimu alituambia kwamba watu wa sayansi wanaijua habari hii, tena wana vipimo vyake. Basi tukaanza.

MWILI UNAFANYA NINI

Mtu anapokimbia, misuli inachoma chakula kama jiko linavyochoma makala. Lakini ni jiko la hasara: katika nguvu yote inayotoka, karibu sehemu moja tu kati ya nne ao tano inakuwa mwendo. Sehemu nyingine zote zinakuwa moto. Moto ule unapaswa kutoka, maana ndani ya mwili tunaishi karibu na digrii 37, na moto ukipita 40 wakati mtu anaanza kuchanganyikiwa, maisha yake iko katika hatari.

Moyo unapeleka damu kwenye ngozi ili moto utoke nje. Jasho linafanya kazi kubwa zaidi: litra moja ya jasho ikikauka kabisa juu ya ngozi inaondoa karibu kilokalori 580. Angalieni neno "ikikauka". Jasho linalodondoka chini halikusaidii kitu. Kwa hiyo hewa yenye maji mengi, kama ile ya mwezi wa kumi na mbili kabla ya mvua kunyesha, inaweza kukushinda hata kama termometa inasema digrii chache kuliko mwezi wa kumi.

Juu ya hiyo termometa moja ya ukutani haitoshi. Katika mwaka 1957 Yaglou na Minard, kule Marekani, walitangaza kipimo kilichotokana na shida ya askari wapya waliokuwa wanaanguka wakati wa mazoezi. Wanatumia termometa tatu: moja ya kawaida yenye kivuli, moja iliyofungwa kitambaa chenye maji, na moja ndani ya mpira mweusi wa chuma unaopokea jua. Kisha wanachukua 0,7 ya ile ya kitambaa, 0,2 ya ile ya mpira mweusi na 0,1 ya ile ya kawaida, na kujumlisha. Mfano: kitambaa 26, mpira mweusi 45, hewa 32. Tunapata 18,2 na 9 na 3,2, jumla 30,4. Mnaona kwamba kitambaa chenye maji ndicho kina sauti kubwa, sababu ndicho kinafanana na ngozi yenye jasho.

Kipimo hiki ni kizuri. Lakini kinapima uwanja, hakipimi mtu. Wanafunzi ishirini wanasimama katika uwanja mmoja, na kila mmoja ana mwili wake.

NJIA YA KUMWULIZA MTU

Huko Sweden mwalimu Gunnar Borg alitengeneza, tangu miaka ya 1960, ngazi ya kumwuliza mtu anaona kazi ni ngumu kadiri gani. Ngazi yake inaanza na 6 na kuishia na 20. Hesabu ile inashangaza, lakini ina sababu: kwa kijana mwenye afya, ukizidisha namba yake na 10 unakaribia mapigo ya moyo kwa dakika moja. Anayesema 13 moyo wake unaweza kuwa karibu na 130. Kwa moto vile vile kuna ngazi. Wale wanaochunguza hewa ya nyumba wanatumia ngazi ya majibu saba, toka baridi kabisa mpaka moto kabisa, na katikati ni wala baridi wala moto.

Sisi tulifanya ngazi kwa lugha yetu, kusudi kila mmoja aelewe pasipo kufikiri mara mbili:

1. Baridi, kama asubuhi ya mwezi wa sita
2. Baridi kidogo
3. Niko muzuri, wala moto wala baridi
4. Moto kidogo
5. Moto
6. Moto mingi
7. Moto inanishinda

Kwanza tuligombana juu ya maneno. Katika Kiswahili chetu "moto" ni ule wa kupika, ni ule wa jua, na ni ule wa homa. Tena tunasema "nasikia" kwa kila kitu: nasikia moto, nasikia njaa, nasikia uchungu, nasikia mwalimu anaita. Basi tulipatana kwamba swali ni moja, siku zote lile lile: "Sasa hivi, unasikia moto ngapi?" Hatuulizi "Unachoka?" Kuchoka ni habari nyingine, na kila mtu anaona haya kusema amechoka. Hatuulizi vile vile "Utaendelea?", maana hapo tunauliza roho yake, hatuulizi mwili wake.

Pia tulipatana kwamba jibu ni kwa vidole, mbele ya kifua, mtu anapompita yule anayeandika. Wenzake walio nyuma hawaoni. Anayeandika hasemi neno, hacheki, harudilii namba kwa sauti. Kila baada ya mizunguko miwili ya uwanja tunauliza, na mwishoni tunahesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 15 na kuzidisha na nne.

MAMBO TULIYOONA

La kwanza. Jua moja, majibu mbalimbali. Wale wanaolima na wazazi wao kila siku walisema namba ndogo kuliko wenzao waliotoka tu kupona ugonjwa ao waliokaa wiki nyingi ndani ya nyumba. Hii si ajabu. Mwili unajifunza moto. Ukifanya kazi kidogo kidogo katika moto, kwa siku saba mpaka kumi na nne hivi, jasho linaanza mapema zaidi na moyo unapunguza mbio. Lakini ukiacha wiki chache, mwili unasahau. Basi anayerudi kutoka ugonjwa asipimwe na mtu ambaye hakuacha.

La pili. Dada zetu wengine walionyesha 5 kabla ya kuanza kukimbia! Tulipouliza, kumbe walikuwa wametoka kuchota maji, ndoo kichwani, njia ya kupanda, na wengine walikuwa wamepika bukari asubuhi mbele ya moto wa makala. Ndugu zangu wavulana, tuliokuwa tumetoka kuamka, tulionyesha 3. Mbele ya kronometa sisi wote tunaanza pamoja. Katika mwili hatukuanza pamoja. Jambo hili pekee lilitosha kulipa kazi yetu yote.

La tatu. Ukimwaga maji kichwani na usoni, namba inashuka haraka. Aliyesema 6 anasema 4. Lakini tuliposhika mkono na kuhesabu mapigo, moyo ulikuwa bado mbio vile vile. Hapo mwalimu alitusimamisha na kusema: "Angalieni sana."

SHAHIDI ANAWEZA KUDANGANYWA

Maana yake ni hii. Ngozi ndiyo inaongea zaidi mtu anaposema moto ao baridi. Ndani kunaweza kuwa na habari nyingine.

Hapa kwetu kila mama anaijua habari hii, hata kama hakusoma. Malaria ikianza, mtoto anasema nini? Anasema anasikia baridi. Anaomba blanketi mbili, meno yanagongana. Lakini ukiweka termometa, moto unapanda 39, unafika 40. Kinywa kinasema 1, mwili uko 7. Kinywa hakisemi uongo. Kinasema kile kinachosikia. Lakini mwenye kumsikiliza peke yake atamfunika mpaka amuumize. Na mtu aliye na malaria inayoanza, akikimbia juani, anaongeza moto juu ya moto. Basi mtu akisikia baridi chini ya jua la saa saba, msiseme "Ana bahati." Mwondoeni uwanjani.

Tena kuna pilipili. Ukila nyingi unasikia moto kinywani, lakini termometa haioni kitu. Na ukipiga mswaki na dawa ya meno yenye menta, unasikia baridi, hali hakuna barafu. David Julius na wenzake walitangaza katika mwaka 1997 mlango mdogo ulio katika mishipa ya fahamu ambao pilipili inaufungua. Mlango ule ule unafunguliwa na moto wa kweli. Katika mwaka 2002 ulitangazwa mlango wa baridi, ambao menta inaufungua. Kwa kazi hiyo Julius alipata Tuzo ya Nobel katika mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian. Wakimbiaji wengine wanasukutua kinywa na maji ya menta wakati wa moto. Wanasikia nafuu, lakini moto wa ndani haukupungua. Wanaweza kukimbia zaidi, na hatari ni hiyo hiyo.

Basi tufanye nini? Tusimwulize tena mtu? Hapana. Katika torati tunasoma kwamba neno halithibitishwi na shahidi mmoja, linataka wawili ao watatu. Katika moto vile vile. Shahidi wa kwanza ni hewa na jua. Shahidi wa pili ni yale tunayoyaona na kuyashika: mapigo ya moyo, mwendo wa miguu, namna ya kuongea. Shahidi wa tatu ni mtu mwenyewe na namba yake. Mara nyingi tunasikiliza wale wawili, ao mmoja tu, na yule wa tatu tunamfunga kinywa.

MFANO WA DOHA

Msifikiri kwamba ni shida ya watoto wa shule. Tarehe 27 mwezi wa tisa mwaka 2019, huko Doha, nchi ya Katari, wanawake hodari wa dunia nzima walikimbia maratoni ya ubingwa wa dunia. Waandaaji waliogopa jua, wakaweka mwanzo karibu na saa sita ya usiku. Hata hivyo hewa ilikuwa kupita digrii 30, tena yenye maji mengi ya bahari. Walianza wanawake 68. Wasiofika mwisho walikuwa 28. Mkenya Ruth Chepngetich alishinda kwa saa 2 dakika 32 na sekunde 43. Mwezi wa kwanza wa mwaka ule ule, huko Dubai, alikuwa amekimbia kwa saa 2 dakika 17 na sekunde 8. Yaani yule aliyeshinda alipunguza mbio zake kupita dakika 15.

Wengine wanasoma habari ile na kusema wale 28 walishindwa. Sisi tunaona jambo lingine. Mwanamke aliyefanya mazoezi miaka mingi, aliyevaa nguo ya taifa lake, watu wanamwangalia katika televisheni, naye akasikia mwili wake, akatoka njiani: huyu si mvivu. Kama bingwa anaweza kupunguza mbio ao kusimama juu ya moto, mwanafunzi wa Sanga anaweza kuinua vidole sita.

KUSEMA UKWELI SI RAHISI

Sasa tunafika kwenye kiini. Siku moja tulijaribu kuuliza kwa sauti, badala ya vidole. Wanafunzi wa darasa lingine walikuwa wamekuja kuangalia. Jua lilikuwa lile lile na mizunguko ile ile. Lakini mwenzetu mmoja, jasho linaingia machoni, alipiga kelele: "Tatu!" Watu wakapiga makofi. Aliyemfuata hakuweza kusema tano tena. Naye akasema tatu. Jioni, peke yao, wote wawili walisema ilikuwa sita.

Basi namba haitoki katika mwili tu. Inatoka pia katika macho ya watu. Mtu anapima kwanza: nikisema, nitafanywa nini? Kama atachekwa, atadanganya. Kama ataandikwa sifuri, atadanganya. Fikirieni baba anayesukuma kinga yenye magunia ya makala toka kijijini mpaka Kamina. Fikirieni kijana anayelipwa kwa hesabu ya matofali. Ngazi yetu haimsaidii kitu kama hakuna mtu anayeweza kumwambia: "Pumzika, hutapoteza." Kuuliza peke yake si huruma. Huruma ni kuuliza, kisha kufanya kitu na jibu.

Katika Biblia, kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya nne, kuna mtoto wa mama Mshunami. Alikwenda shambani kwa baba yake, kati ya wavunaji, akalalamika kichwa. Biblia haielezi ugonjwa wake. Inasema tu ulikuwa wakati wa mavuno, na kwamba mtoto alikufa saa sita ya mchana juu ya magoti ya mama yake, mpaka Mungu akamrudisha kwa mkono wa Elisha. Tunapenda kuangalia jambo moja dogo: mtoto yule alisema. Alisema mbele ya wavunaji wote, na baba yake hakumwambia "Uko muvivu." Palepale aliamuru abebwe kwa mama yake. Wangapi kati yetu wangesema? Na wangapi wangejibiwa vile?

MASHAURI YETU

Wapendwa, hatuombi kuacha gimnastiki wala kazi ya shamba. Mwili usiojifunza moto ndio unaanguka upesi. Tunaomba mambo haya tu:

Kwanza, katika mwezi wa tisa na wa kumi, tukimbie asubuhi mapema, na wiki ya kwanza iwe ya mwendo mdogo.

Pili, kila mmoja awe na mwenzake wa kumwangalia. Moto mkubwa unaharibu akili, na mwenye kuharibika akili hajui namba yake tena. Anayejibu vibaya, anayeyumba, anayetapika, asiulizwe tena. Atolewe.

Tatu, namba 6 mara mbili, mtu anakwenda kivulini, na hakuna wa kumwuliza sababu. Anaweza kurudi akishuka 4 na moyo wake ukitulia.

Ine, mtu akianguka na kuchanganyikiwa, aletwe kivulini, avuliwe nguo nzito, amwagiwe maji mwili wote na kupepewa, hapo hapo, wakati mwingine anakimbia kuita muuguzi. Msimpe maji ya kunywa kama hana akili timamu, yanaweza kuingia katika mapafu.

Tano, na hii ndiyo kubwa: anayeonyesha vidole sita asichekwe. Wale wanaocheka ndio wanaharibu kipimo chetu, kupita termometa iliyovunjika.

Mwenzetu aliyeanguka siku ile amerudi uwanjani. Jumanne iliyopita alikimbia pamoja nasi. Katika mzunguko wa sita alionyesha vidole sita, katika mzunguko wa nane tena sita, akatoka mwenyewe, akaenda chini ya mti, akakunywa maji. Hakuna aliyesema neno. Baada ya muda alirudi na kumaliza na wengine.

Anayetaka ngazi ya namba saba aje kuiandika. Iko kwenye mlango wa darasa letu. Na anayeona kosa katika hesabu zetu atuandikie, tutajibu katika toleo linalofuata.

Mungu awabariki wote.

Sisi wanafunzi wa Sayansi,
Sanga